Kwa nini jina linatokea na herufi za ajabu kwenye malipo, na ufanye nini

Unamtumia mtu pesa. Kabla ya kuweka PIN, skrini inakuonyesha jina la mpokeaji. Ulitarajia kuona Wanjikũ, lakini unaona WanjikÅ©. Ama unaona Wanjik?. Ama fundi wako Ng'ang'a amegeuka kuwa Ngâ€™angâ€™a. Unajiuliza: huyu ni yeye kweli, ama ni mkora? Nitume ama niache?

Ni vizuri kusita. Kila siku tunawaomba wateja wasome jina kabla ya kuthibitisha malipo, kwa sababu pesa zikishaenda kwa mtu mwingine, kuzirudisha ni kazi. Sasa, jina lenyewe likiwa halisomeki, utaangalia nini?

Jibu fupi ni hili: mara nyingi herufi hizo za ajabu si alama ya wizi, na hazibadilishi kiasi cha pesa wala namba ya simu. Ni shida ya usimbaji wa herufi, yaani jinsi kompyuta inavyoweka herufi kwenye hifadhidata na kuzisoma tena. Lakini usiipuuze. Jina lililoharibika linaweza kukwamisha malipo ya benki, na pia linawapa wakora nafasi. Hebu tueleze shida inatoka wapi, halafu tuone la kufanya.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba

Ndani ya kompyuta hakuna herufi "a" wala "b". Kuna namba tu. Ili iandike herufi, kompyuta inatumia jedwali linalosema namba hii ni herufi ile. Kwa mfano, herufi kubwa A ni namba 65. Ukichapa A, inahifadhiwa 65. Mtu mwingine akifungua, kompyuta yake inasoma 65, inaangalia kwenye jedwali, na inamwonyesha A.

Mambo yanaenda sawa ikiwa anayeandika na anayesoma wanatumia jedwali moja. Wakitumia majedwali mawili tofauti, namba ni zile zile lakini herufi zinazotokea ni nyingine. Ni kama watu wawili wenye vitabu tofauti vya nyimbo. Ukisema "wimbo namba 125", kila mmoja anaimba wake.

Jedwali la zamani linalojulikana sana ni ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963. Lina nafasi 128 pekee: herufi za Kiingereza, tarakimu, na alama za kawaida. Kiswahili cha kawaida kinatosha humo bila shida yoyote, hata ng' ya ng'ombe, kwa sababu ritifaa iliyonyooka imo.

Baadaye yakaja majedwali ya nafasi 256. Lile la Ulaya Magharibi liliongeza é ya Wafaransa, ñ ya Wahispania, na ã na õ za Wareno. Lakini halikuweka ũ wala ĩ. Kwa hivyo Mũthoni, Kĩmani na Njũgũna hawakuwa na nafasi. Sio kwamba majina hayo ni magumu. Waliotengeneza jedwali hawakuwa wakifikiria Kikuyu wala Kikamba.

Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ilikuja kumaliza shida hii kwa kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, njia ya kuhifadhi namba hizo za Unicode. Katika UTF-8, herufi za ASCII zinachukua baiti moja kama zamani, na herufi nyingine zinachukua baiti mbili, tatu ama nne. Leo mifumo mingi inatumia UTF-8. Shida ni kwamba malipo yako yanapitia mifumo kadhaa, na ukitokea mmoja tu unaosoma kwa jedwali la zamani, jina linaharibika.

Soma dalili: kila uharibifu una maana yake

Ukijua dalili, utajua kama jina linaweza kurekebishwa ama limepotea. Tuchukue jina ambalo Wakenya wengi wanalijua, la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Lina ũ, lina ĩ, na lina ritifaa, kwa hivyo linakutana na karibu kila shida.

1. NgÅ©gÄ© wa Thiong'o. Jina limehifadhiwa sawa, limesomwa vibaya. Katika UTF-8, ũ ni baiti mbili. Mfumo unaotumia jedwali la zamani unadhani kila baiti ni herufi yake, kwa hivyo ũ moja inakuwa Å na ©. Habari njema: herufi asili bado iko. Ni msomaji anayehitaji kurekebishwa.

2. NgÃ…Â©gÃ„Â©. Hapa jina limeharibika mara mbili. Mtu ama programu ilichukua yale maandishi mabaya, ikadhani ndiyo jina halisi, ikayahifadhi upya. Linaweza kurudishwa, lakini kwa hatua mbili na kwa uangalifu.

3. Ng?g?. Hii ndiyo mbaya zaidi. Mfumo haukuwa na nafasi ya ũ na ĩ, kwa hivyo ukaweka alama ya kuuliza badala yake. Ikiwa alama hiyo ndiyo iliyohifadhiwa, herufi ya kwanza haipo tena popote kwenye rekodi hiyo. Hakuna programu inayoweza kujua kama ? ilikuwa ũ, ĩ ama kitu kingine. Inabidi kurudi kwenye kitambulisho.

4. Thiongâ€™o. Ritifaa iliyopinda. Simu nyingi na programu za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’) bila kukuuliza. Kwa jicho ni kitu kimoja, lakini kwa kompyuta ni alama mbili tofauti. Iliyonyooka ni baiti moja na imo kwenye ASCII. Iliyopinda ni baiti tatu katika UTF-8, na ndizo hizo unaziona zikitokea kama â, € na ™.

5. Thiong\'o ama Thiong&#39;o. Hii sio shida ya usimbaji, ni jirani yake. Katika lugha ambayo programu hutumia kuzungumza na hifadhidata, ritifaa huonyesha mwisho wa maandishi. Kwa hivyo baadhi ya programu huiwekea alama ya ziada ili isilete fujo, kisha husahau kuiondoa. Programu nyingine hukataa kabisa ritifaa na kukuambia "jina si sahihi". Jina ni sahihi. Ni fomu haikutengenezwa vizuri.

Kuna na ile dalili isiyoonekana kabisa. Herufi ũ inaweza kuandikwa kwa njia mbili: kama herufi moja iliyokamilika, ama kama u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachowekwa juu yake. Kwenye skrini zinafanana. Lakini ukimtafuta Mũthoni wa kwanza, mfumo ambao haujaandaliwa unaweza kusema Mũthoni wa pili hayupo. Ndiyo maana mteja anaweza kuambiwa hajasajiliwa na huku ana akaunti.

Je, pesa zangu ziko salama?

Kwa upande wa usimbaji, ndiyo. Tarakimu 0 hadi 9 ziko mahali pamoja katika ASCII, katika jedwali la Ulaya Magharibi, katika UTF-8, na hata katika jedwali la SMS. Kwa hivyo 1,500 haiwezi kugeuka kuwa 15,000 kwa sababu ya usimbaji, na namba ya simu ya mpokeaji haibadiliki. Pesa hufuata namba.

Ni wapi basi jina lina uzito? Mahali pa kwanza ni wewe mwenyewe, unapolisoma kabla ya kuthibitisha. Mahali pa pili ni pale jina linapolinganishwa na lingine. Ukitoa pesa kwenye simu kwenda benki, ama ukipokea pesa kutoka nje ya nchi, mfumo wa upande wa pili unaweza kulinganisha jina lililotumwa na lile la akaunti. Wanjik? na Wanjikũ yakionekana kuwa watu wawili, malipo yanaweza kusimamishwa ama kurudishwa. Fikiria hiyo ni pesa ya hospitali, ama ni fees na mtoto anafaa kuripoti Jumatatu. Herufi moja tu, na mtu anakaa siku nzima akipiga simu.

Kwa nini meseji inasema Wanjiku, bila kiwimbi?

Hapa wateja wengine hudhani tumekosea, lakini kuna sababu. SMS moja ina nafasi ya baiti 140. Kwa jedwali la kawaida la SMS, hizo zinatosha herufi 160. Jedwali hilo halina ũ, ĩ, wala ritifaa iliyopinda. Ukiweka herufi moja tu kati ya hizo, meseji nzima inahamia usimbaji mwingine ambao unachukua herufi 70 pekee.

Meseji ikizidi nafasi yake hukatwa vipande, na kila kipande hupoteza nafasi kidogo ya kuunganisha: 153 kwa jedwali la kawaida, 67 kwa lile lingine. Chukua meseji ya herufi 150. Ikiwa yote ni herufi za kawaida, ni SMS moja. Ukiongeza ũ moja kwenye jina, inakuwa SMS tatu. Kipande kimoja kikichelewa, unapokea meseji ya malipo isiyokamilika.

Ndiyo maana mifumo mingi huandika Wanjiku kwenye SMS makusudi, na huku jina kamili limehifadhiwa sawa. Kuondoa kiwimbi kwenye meseji ni jambo moja, kukipoteza kwenye rekodi ni lingine. Ukitaka kujua rekodi inasemaje, angalia wasifu wako kwenye programu ya simu ama uliza customer care, usiangalie SMS pekee.

Imoji zinakata majina ya biashara

Hii inawahusu wenye maduka, hoteli na saluni. Imoji nyingi zinachukua baiti nne katika UTF-8. Hifadhidata inayoitwa MySQL, ambayo inatumika sana duniani, ilikuwa na aina ya usimbaji iliyoitwa utf8 lakini iliishia baiti tatu kwa kila herufi. Mwaka 2010 ikaongezwa utf8mb4, inayobeba baiti nne. Lakini kuna mifumo iliyojengwa kwa ile ya kwanza na haijahamishwa.

Mfumo kama huo ukipewa imoji, unaweza kuikataa rekodi nzima, ama kuyakata maandishi pale imoji ilipo. "Mama Fua Laundry 🧺 Kasarani" inabaki "Mama Fua Laundry". Kasarani imekatwa. Ikiwa una tawi lingine Umoja, wateja wako sasa wanaona matawi mawili yenye jina moja na hawajui wanalipa lipi. Weka imoji kwenye bango na kwenye status, lakini jina la till liache na herufi za kawaida.

Jinsi jina linavyorekebishwa ndani

Tunaeleza hili ili ujue kwa nini urekebishaji unaweza kuchukua muda, na kwa nini tutakuomba kitambulisho.

Kwanza, mafundi hawaamini kinachoonekana kwenye skrini. Wanaangalia baiti zenyewe. Baiti zikiwa C5 A9, hiyo ni ũ sahihi. Rekodi iko sawa, na kinachorekebishwa ni muunganisho ama programu inayoisoma. Zikiwa C3 85 C2 A9, jina limesimbwa mara mbili, na linarudishwa nyuma hatua moja. Ikiwa ni 3F, hiyo ni alama ya kuuliza yenyewe, na hakuna cha kurudisha. Hapo ndipo kitambulisho kinahitajika.

Pili, hakuna kurekebisha bila nakala. Rekodi zinanakiliwa kwanza, marekebisho yanajaribiwa kwenye nakala, na idadi ya rekodi zilizobadilika inahesabiwa. Sababu ni kwamba kwenye hifadhidata moja, majina mengine yako sawa na mengine yameharibika. Ukiyapitisha yote kwenye dawa moja, unaponya hawa na kuwaharibu wale.

Tatu, njia nzima inalinganishwa: fomu ya kusajili, programu, muunganisho, hifadhidata, na faili zinazotumwa kwa benki. Zote zikisema UTF-8, jina linapita salama. Ukirekebisha rekodi na kuacha njia vile ilivyo, usajili wa kesho utaleta shida ile ile.

Wewe ufanye nini?

Ukiwa unatuma pesa na jina limeharibika:

- Usikisie. Soma sehemu zilizo nzima, kama jina la pili, kisha hakiki namba ya simu tarakimu kwa tarakimu.
- Mpigie mpokeaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, sio namba iliyokuja kwenye meseji.
- Ikiwa pesa ni nyingi, tuma kiasi kidogo kwanza, athibitishe amepata.
- Jina zima likiwa ni alama tupu, simama hapo. Usitume hadi uhakikishe.

Ikiwa jina lililoharibika ni lako:

- Andika jina upya kwa mkono wako, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Usinakili lile lililoharibika na kulibandika kwenye fomu, maana hivyo ndivyo uharibifu wa mara mbili unavyotokea.
- Tumia ritifaa iliyonyooka. Kwenye simu nyingi, bonyeza na ushikilie kitufe cha ritifaa na utaona aina zote.
- Angalia kitambulisho kimeandika nini. Kikisema WANJIKU bila kiwimbi, basi tumia hivyo hivyo kwa akaunti za pesa, simu na benki. Jina lako la nyumbani halibadiliki, lakini akaunti zako zitalingana.
- Piga picha ya skrini unapoona shida. Kutoka kwa picha hiyo, fundi anaweza kujua ni dalili gani kati ya zile tano.

Ikiwa wewe ni mweka hazina wa chama, ama unafanya hesabu za biashara:

- Ukipakua taarifa ya malipo kama faili ya CSV, usiifungue kwa kuibofya mara mbili. Excel inaweza kuisoma kwa jedwali la zamani, na majina ya wanachama yakaharibika mbele ya macho yako. Fungua Excel kwanza, nenda sehemu ya Data, leta faili kutoka huko, na uchague 65001 Unicode UTF-8.
- Ukiona Å© ama â€™, funga bila kuhifadhi. Faili bado iko sawa. Ukihifadhi kama faili ya Excel, kile kilichoharibika ndicho kinakuwa maandishi rasmi.
- Safu ya namba za simu ilete kama maandishi. La sivyo 0 ya mbele itapotea.

Wakora nao wanajua shida hii

Mkora anaweza kukutumia meseji: "Jina lako lina hitilafu kwenye mfumo, akaunti itafungwa. Tuma PIN ama bonyeza hapa kurekebisha." Ujumbe kama huo unaaminika kwa urahisi zaidi ikiwa kweli umewahi kuona jina lako limeharibika. Kumbuka kwamba kurekebisha jina hakuhitaji PIN yako hata siku moja. Baiti za jina na PIN ni vitu viwili tofauti kabisa, na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN.

Wakora pia hutumia herufi zinazofanana. Herufi a ya kawaida na а ya Kirusi zinaonekana sawa kwa macho, lakini kwa kompyuta zina namba tofauti, kwa hivyo anwani ya tovuti inaweza kuonekana kama yetu na kumbe ni ya mtu mwingine. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Dawa ni kutofuata viungo vya kwenye meseji: fungua programu mwenyewe, ama tumia menyu ya simu uliyoizoea, na uangalie salio lako huko.

Kwa hivyo, ukiona jina limeharibika, tuambie, hata kama malipo yamepita. Leo limepita kwa sababu namba ilikuwa sahihi. Kesho huenda ni jina litakaloangaliwa, na ni heri liwe limeandikwa vile wazazi wako na kitambulisho chako wanavyolijua.